Visiki Juu ya Nyumba ya Mama

Kambi ya mgodi, Walikale
Mwanzo wa mvua kubwa

Mdogo wangu Filipo,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mti ukikatwa umekufa, na kwamba kisiki kilichobaki ni mzoga wa kuondolewa. Wanakitazama kisiki kama mtu anavyolitazama jino bovu. Unisamehe kuanza na kosa hilo kabla ya kukuamkia, lakini limenikaa kifuani tangu shemeji Donati afike hapa na habari za nyumbani.

Sasa nakusalimu. Hujambo wewe? Feza mke wako hajambo, na watoto wote? Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi hii ya huko kwetu Kibabi? Je, anakunywa ile dawa ya majani, au anaimwaga mkigeuka? Mimi ni mzima, isipokuwa mguu wa kushoto, ambao nitakueleza sababu yake. Kama si mguu huo, nisingeandika. Ningekuja.

Barua hii anaileta Donati mwenyewe. Neno lenyewe atakuambia kwa mdomo mara tu akifika, nalo linahusu nyumba ya Mama, ambayo iko chini ya kilima kile ulichokisafisha. Mimi naandika sababu. Nakujua, Filipo. Amri isiyo na sababu unaikalia kama kiti. Kwa hiyo keti, umpe Feza barua asome kwa sauti, na Mama awepo asikie.

Donati alifika akiwa na matope mpaka magotini. Tulimpa ugali na sombe, akala, akaanza kukusifu. Alisema umekata miti na kung'oa karibu visiki vyote vya kilima cha marehemu Papa, umevichoma makaa, makala hayo umeyapeleka soko la Kitshanga, na kwenye mashimo umepanda maharage. "Yaya, kilima iko safi," aliniambia kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, "sawa kichwa ya muntu mwenye ametoka kwa kinyozi." Nikamuuliza kama Filipo hakukumbuka namna Papa alivyokuwa akikata. Akacheka, akanipa jibu lako kama ulivyomtuma: "Umwambie mukubwa wangu, bisiki hailiwe. Maharagi njo inaliwa."

Ni jibu zuri, nami nililicheka. Una watoto wa kulisha, na ardhi imebana tangu watu waongezeke pande za kwetu. Sikulaumu kwa kutaka shamba. Lakini nivumilie nikueleze mambo ambayo wewe uliyaona nusu tu, kwa sababu Papa alipoacha kukata kwa utaratibu ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Kilima kile Papa alikigawa mapande, toka kijito mpaka mgongo wa juu, na kila pande alilipa jina la mtoto wake. Kulikuwa na pande la Anselmi na pande la Konsolata, na lako likawa la mwisho, karibu na migomba ya Mama. Hata ndugu zetu waliofariki wakiwa wachanga walikuwa na mapande yao, na Mama hakupenda mtu ayaguse bila kumwambia kwanza. Kila mwaka, kiangazi kikielekea kwisha, Papa alikata pande moja tu, mengine yote yakasimama. Mtoto mwenye pande ndiye aliyepiga shoka la kwanza. Nakumbuka pigo langu lilikwama kwenye gome, na Papa akasubiri mpaka nilipolitoa shoka mwenyewe. Alipomaliza pande la mwisho, la kwanza lilikuwa limesharudi, miti minene kama mkono wa mtu mzima, naye akaanza tena. Kilima hakikuwa uchi hata mwaka mmoja, nasi hatukukosa kuni, wala nguzo, wala vijiti vya kupandishia maharage.

Mti wa majani mapana, kama musave au mubirizi, unaweka chakula chake chini. Ukiukata juu, mizizi haina habari ya kufa. Inalala, halafu inasukuma machipukizi pembeni mwa kisiki, na yanakwenda mbio kuliko mti wa mbegu, kwa sababu hayaanzi na umaskini, yanaanza na ghala lililojaa. Ndiyo maana Papa alikata chini sana, karibu na udongo, kwa shoka lenye makali, asilipasue gome. Uso wa kisiki aliuacha umeinama kidogo ili maji yasituame juu yake yakauozesha. Halafu aliufunika kwa matawi yenye miiba, kwa sababu mbuzi akila machipukizi ya kwanza na ya pili, ghala linakwisha, na hapo kisiki kinakufa kweli. Machipukizi yakishapata nguvu alichagua machache yaliyonyooka, mengine akayapunguza. Na katika mwaka wa kukata, jua lilipoingia, Mama alipanda maharage katikati ya visiki. Umesikia hapo? Maharage yalikuwepo. Papa alikula maharage na akabaki na kilima.

Halafu wakaja wazungu wa kilimo. Mimi nilisoma shule yao, nikavaa kofia ya monitere wa kufundisha wakulima, na mengi waliyonifundisha nayashika mpaka leo. Lakini walikataza watu kukata miti ya kilimani bila ruhusa, mapande yakazeeka, na kando ya barabara wakapanda sipre. Sipre ni mti wa majani kama sindano. Ukiukata, umekufa, kisiki chake hakichipui kamwe. Wabeleji walipoondoka, mwaka wa uhuru, watu walizishukia sipre zile kwa furaha, wakaona visiki vinakauka na kuoza, basi wakajifunza tabia ya miti yote kutoka kwa mti mmoja mgeni. Hata mtu ambaye babu yake aliishi kwa machipukizi, leo anakuambia: mti ukikatwa umekwisha, chimba kisiki, makala yake yana moto mrefu. Hilo la moto ni kweli. Yana moto mrefu kwa sababu unachoma ghala.

Sasa nikueleze ya hapa. Kampani iliniajiri kwa sababu miti ya karibu na mgodi ilikuwa imekwisha kwa nguzo za mashimo na tanuri za matofali. Niliomba nipewe mlima wa upande wa kulia wa kambi, ambako visiki vilikuwa bado ardhini, vimeliwa na mbuzi lakini hai. Nilipewa mwenzangu mmoja, Papa Leonari, mwindaji wa hapa Walikale, mtu wa miaka yangu, mwenye mdomo usiopumzika. Siku ya kwanza aliniona nalipima shoka, akasema, "Ninyi batu ya milima munaogopaka muti sawa muzimu. Mukiona moja tu, munakamata shoka!" Nikamjibu kwamba leo nimekuja kukata ili uote. Akanizunguka, akanitazama kichwani kama anatafuta jeraha. "Ee Papa, unakata kusudi iote? Na mimi nitakula kusudi nisikie njaa." Lakini nilipomwonyesha namna yenyewe, akasema mashamba ya wazee wake msituni yalifanywa hivyo hivyo, kisiki kinaachwa, msitu unarudi kwa miguu yake. Tuligawa mlima mapande, tukakata, tukaweka miiba, tukawafukuza mbuzi na kutukanwa na wenye mbuzi. Machipukizi yalitoka.

Upande wa kushoto, ambako chini yake zilikuwa nyumba za wafanyakazi, ulikuwa mikononi mwa kapita, msimamizi wa wachoma makala. Yeye aling'oa visiki vyote, wake za wafanyakazi wakalima muhogo palepale. Nilimwendea nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza kwa heshima, akaniletea kiti, akaniambia, "Monitere, unasema vizuri sana," kisha akaendelea kung'oa.

Mvua zikaanza. Jambo la kwanza lilikuwa chemchemi. Maji yaliyokuwa meupe yakatoka na rangi ya chai ya maziwa, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Watu wakasema ng'ombe wa mtu wamekanyaga juu. Hapa hakuna mtu mwenye ng'ombe. Jambo la pili lilikuwa uzio wa mjane mmoja, Mama Sofia. Miti yake ilianza kuinama, yote upande mmoja, kama watu wanaosikiliza. Jambo la tatu lilikuwa mlango wake. Ulikuwa unafungika, ukaacha kufungika. Akamwita Zakaria seremala, kijana mcheshi aliyependwa na kila mtu, naye akauranda ukingo mpaka ukaingia. Baada ya siku chache ukakwama tena. Zakaria akarudi na randa yake.

"Mama, mulango yako iko nanenepa kukupita wewe," akamwambia.

"Nyamaza, fanya kazi. Utachonga mpaka nibakie na bawaba tu!"

"Basi nitakuletea pazia. Pazia hainenepake."

Tulicheka sote tuliokuwa karibu. Leonari peke yake hakucheka. Alikuwa ametoka kuwinda juu ya mlima wa kushoto, akaniambia huko ameona ufa ardhini, umepinda kama mundu, mwembamba, mtu anaweza kuuruka bila kufikiri, na ndani yake maji yanaingia lakini hayaonekani yanakotokea. Tulikwenda kwa kapita tukamwomba awahamishe watu. Akasema atamwuliza mkubwa wake akirudi.

Siku ile mvua ilikuwa imekatika. Jua lilitoka, wanawake wakaanika nguo. Nilikuwa nimesimama nje ya ghala la zana, nikasikia kamiyo lenye mzigo mzito linapanda polepole, nikageuka kuitazama barabara. Barabara ilikuwa tupu. Mlio ukaendelea. Ndipo nikauona mlima wa kushoto unatembea, na muhogo umesimama wima juu yake, majani yanatikisika kidogo kama kwenye upepo. Mama Sofia alikuwa kwenye kamba ya nguo, akakimbia, akapona. Zakaria alikuwa kwenye mlango wa mjane huyo, anauranda tena. Tulichimba kwa majembe na kwa mikono. Boriti ya paa iliniangukia mguu, na Leonari ndiye aliyenivuta. Zakaria tulimpata jioni, na watu wengine wa nyumba za jirani tukawapata baadaye. Sitakuandikia zaidi, kwa sababu Mama anasikia.

Mlima wa kulia, wenye visiki vyetu, ulinyeshewa mvua ileile. Umesimama mpaka leo. Leonari aliutazama siku nzima bila kufanya mzaha hata mmoja.

Haya yote yalitokea kabla Donati hajaja. Basi alipomaliza kula na kunisifia kilima chako, alikuwa ananawa mikono, akaongeza maneno kama mtu anayekumbuka jambo la kuchekesha. Alisema nyumba ya Mama imekuwa na kiburi, mlango hauingii tena mahali pake, na wewe Filipo uliuchonga kwa panga mpaka ukaingia, halafu juma lililofuata ukauchonga tena. Nikamuuliza habari za uzio. Akasema umelalia migomba. Nikamuuliza habari za maji ya chemchemi. Akaniangalia, akaacha kunawa. "Yaya," akasema, "nani amekuambia?"

Sikia vizuri, ndugu yangu. Mlango wa Mama haukunenepa. Nyumba inasukumwa kutoka nyuma, inapinda, na mlango ndio wa kwanza kuhisi. Kila shimo ulilong'oa kisiki ni bakuli, na mvua inajaza mabakuli yako yote. Maji yanashuka mpaka kwenye tabaka gumu la chini, na hapo udongo wa juu unakaa kama sabuni juu ya jiwe lenye maji. Zamani mizizi iliushona udongo ule na lile tabaka. Wewe umetoa nyuzi. Kitambaa kinaonekana kizima kwa sababu bado hakijavutwa.

Utaniambia maharage yamesimama vizuri na kilima kimetulia. Muhogo wa hapa nao ulisimama vizuri, hata ulipokuwa unashuka.

Najua pia kwamba Mama atakataa. Atasema Papa amezikwa pale, na kwamba yeye hajamroga mtu hata kilima kimfanyie ubaya. Mama, unisikie mwanao: kilima hakina hasira na mtu. Papa alikupandia miti nyuma ya nyumba kila mwaka kwa kuikata, na sasa miti haipo, basi hata yeye angekuwa hai angekuinua na mkeka wako. Usimjibu Filipo kwa ukali. Yeye alitaka wajukuu wako wale. Konsolata amejenga juu ya mgongo wa pili, ng'ambo ya kijito, kwenye mwamba. Huko utaona kaburi la Papa kila asubuhi ukifungua mlango, na huo mlango utafunguka.

Wewe Filipo usipande juu kwenda kutafuta ufa, wala usimtume mtoto, wala usiende kuvuna wala kuziba mashimo wakati ardhi imelowa. Maharage yaache. Mvua zikiisha kabisa na ardhi ikikauka, hapo tutaanza upya, nami nitakuja hata kwa fimbo. Tutajaza mashimo, tutachimba mifereji ya kupeleka maji pembeni kwenye kijito, tutachomeka fito mbichi za mubirizi, ambazo zinashika mizizi zenyewe, na tutapanda misave kwa mbegu. Pande la pembeni, karibu na njia ya kanisa, Donati anasema hukulifikia. Visiki vyake viko. Hivyo vifunike kwa miiba kiangazi kikija, na usiruhusu mbuzi, hata mbuzi wako. Kilima kitarudi, lakini kitarudi polepole, na watoto wako ndio watakaokata. Uwape mapande kwa majina yao.

Mvua imeanza tena ninavyoandika. Ni mvua ndogo, isiyo na radi, ile inayokaa. Leonari ameketi kibarazani, ameutegea mlima sikio. Donati anafunga mzigo wake. Kamiyo litamfikisha mpaka daraja lilipokatika, toka pale atatembea, naye ameniahidi hatalala njiani kwa watu wa pombe. Nimemwamini kwa sababu nilimpeleka akaone mahali nyumba zilipokuwa.

Unisalimie dada yetu Konsolata, umwambie nimemtuma mume wake mbio na asimkasirikie akifika na njaa. Umsalimie Feza, na umshukuru kwa kusoma mpaka hapa. Unisalimie Mama Yosefina, dada mdogo wa Papa, na katekista wetu mzee, ambaye namwomba aseme neno kanisani kwa wote waliojenga chini ya vilima vilivyong'olewa visiki, maana si wewe peke yako uliyefanya hivyo. Watoto wako uwashike kichwani mmoja mmoja kwa niaba yangu. Nami nawapenda, na nawafikiria kila maji yakipiga bati.

Ni mimi mkubwa wako, Anselmi, na neno la leo ni hili:

Kabla hujamkaribisha Donati chakula, beba kitanda cha Mama ukipeleke kwa Konsolata, na Mama akifuate.